Migongo Bora ya Bucha la Masanja

Nimestaafu mwezi uliopita, na tayari mke wangu amechoka kuniona nikizunguka nyumbani nikikaza mabomba yasiyovuja. Ndiye aliyeniambia niwaandikie ninyi vijana mliobaki karakana ya mifupa hospitalini, angalau nikae mahali pamoja. Habari za vyeo na mishahara nitaziruka. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua. Nitawasimulia tulivyoanza, hasa msimu ule wa kupima migongo ya ng'ombe, kwa sababu nimemsikia mmoja wenu akiwaambia wanafunzi wa mazoezi kwamba ile mashine kuukuu iliyoko kwenye kona ni ya kukamulia alizeti. Jamani, si ya alizeti.

Kazi nilianzia kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, hapa hapa Bariadi. Simiyu ilikuwa bado kuwa mkoa. Barua zetu zilikwenda Shinyanga na kurudi zikiwa zimechoka kuliko tarishi. Siku ya kwanza nilivaa ovaroli mpya nikitegemea kukabidhiwa spana. Fundi mkuu, Mzee Shija, akanipa tambara. "Futa," akasema, akaondoka. Nikaifuta mashine ya kushindilia marobota wiki nzima, nikimlaani kimoyomoyo. Wiki ilipokwisha nilijua kila nati iliyolegea na kila mahali palipovuja mafuta, na hapo ndipo akanipa spana. Nanyi mkipata mwanafunzi, mpeni tambara kwanza. Atawachukia kidogo, halafu yatakwisha.

Kisha ikaja miaka ya ruksa. Chama cha ushirika kilizoea kununua pamba peke yake, na ghafla wakaja wanunuzi binafsi, kila mmoja na lori lake, mizani yake na maneno matamu yake. Madukani tuliona vitu ambavyo zamani tulivisikia redioni tu. Kiwanda chetu hakikuwa na bahati hiyo. Kilichambua msimu mmoja, kikapumzika msimu uliofuata, halafu tukaambiwa tunapunguzwa. Mzee Shija alirudi kwao Nkololo kwenye ng'ombe wake, akisema hajawahi kusikia ng'ombe amepunguzwa kazi. Mimi nikabaki na sanduku la vifaa na mtoto wa kwanza njiani.

Ndipo nikasikia hospitali ya misheni nje kidogo ya mji inatafuta fundi. Nilidhani ni jenereta. Nikamkuta mwanamke mrefu, Daktari Kulwa, mpasuaji wa mifupa, mzaliwa wa Binza kule Maswa, aliyekuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo. Mezani pake kulikuwa na pingili mbili za mgongo na skrubu ndefu zaidi ya kidole changu cha shahada.

"Unaweza kunitengenezea mashine ya kuvunja hii kwa ustaarabu?" akaniuliza.

"Kuvunja naweza, Daktari. Ustaarabu ndio itabidi tujifunze."

Akacheka, na usaili ukaishia hapo.

Kwa wale mliotoka masomo ya sanaa, nieleze kidogo. Uti wa mgongo ni pingili zilizopangwa kama matofali. Kuna watu ambao pingili moja ya kiunoni huteleza mbele juu ya mwenzake, na ikiteleza inabana mishipa ya fahamu iendayo miguuni. Mtu anaanza na maumivu ya kiuno, kisha mguu unawaka moto, kisha unakufa ganzi. Dawa ya walioshindikana ni kuziunganisha pingili hizo ziwe kitu kimoja: unafunga skrubu na vyuma viwili vya pembeni, unapandikiza vipande vya mfupa, na unasubiri mfupa uote. Chuma kinashikilia kwa muda tu. Kazi ya kudumu ni ya mfupa.

Skrubu zenyewe zilikuwa za msaada, tena haba. Daktari alitaka kujua ni chache kiasi gani zinatosha kushikilia mgongo wa mtu wa huku kwetu, anayelima kwa jembe la mkono na kubeba ndoo kichwani. Vitabu alivyosoma vilipima migongo ya watu wanaokaa kwenye viti. Ili ajue ndoo inavyokandamiza, aliomba kujaribu mwenyewe kisimani. Alikwenda hatua chache, maji yote yakamwishia kifuani, na akina mama waliokuwa pale walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Tangu siku hiyo walimpenda.

Mashine tuliijenga kwa chuma chakavu cha kiwandani na jeki ya lori. Juu tukaning'iniza mizani ya pamba, maana wanunuzi walikuwa wanazitupa zilizokwaruzika na kununua mpya. Ncha za mgongo tulizishika kwa bodifila, ile ile ya mafundi wanaonyoosha magari. Ukipandisha jeki, mgongo unainama kama mtu anayepalilia, na mshale wa mizani unakwambia umebeba nini. Nilijifunza mambo mawili ambayo bado nawasisitizia. Mfupa uloweshe kwa maji ya chumvi muda wote, maana uliokauka unadanganya. Na skrubu usiikaze kwa hasira. Ikishaanza kuzunguka bure ndani ya mfupa, hata uombe msamaha haishiki tena.

Shida ilikuwa kupata migongo. Mnajua bucha zetu: ng'ombe akishachunwa, shoka linapita kwenye uti wa mgongo kabla hujamaliza kusalimia. Nilizunguka mji mzima nikiomba mgongo mzima, nikionekana kichaa. Aliyenielewa ni Masanja, mwenye bucha karibu na mnada.

"Mgongo mzima? Sasa watu watakunywa supu ya nini?" akaniuliza.

Nikamweleza kuhusu Daktari na wagonjwa wanaobebwa kama mizigo. Akasikiliza, kisu kikiwa kimetulia mkononi. "Basi nkoi, rafiki yangu, hilo niachie mimi," akasema.

Na kweli tulimwachia. Kila mara nilipokwenda nilikuta mgongo umesafishwa, umefungwa kwenye kitambaa cheupe, kama zawadi ya harusi. Siku nyingine alisema, "Leo hakuna," nikarudi mikono mitupu bila kuuliza. Migongo niliibeba kwa baiskeli, na mbwa wote wa Bariadi walinifahamu kwa sura.

Matokeo yalikuwa matamu. Tulifunga skrubu nne, mbili kwa kila pingili, tukapandisha jeki, skrubu zikakaa kimya kama wazee wa kanisa. Daktari akawa anatembea akipiga mluzi. Kama nne zinatosha, sanduku lake lingewafaa watu wengi zaidi, upasuaji ungekuwa mfupi, na mgonjwa angerudi shambani mapema.

Wakati huo ndipo alipoletwa Minza. Alitoka Mwamapalala amelala kwenye mkokoteni wa ng'ombe juu ya magunia, na mumewe, Luhende, akitembea pembeni kumshika kila gurudumu lilipoingia shimoni. Mwanamke wa miaka arobaini hivi, mama wa watoto saba, mkulima wa pamba tangu usichana. Mguu mmoja ulikuwa umekwisha kabisa. Alikuwa akiuinua kwa mikono kama kitu cha mtu mwingine. Kiunoni alikuwa na chale za waganga, mpya juu ya za zamani. Nyuma ya mkokoteni alikuwapo mama mkwe wake, bibi mdogo wa umbo, mkali wa macho, jina lake Kabula.

"Mwangaluka, mayu," Daktari akamsalimia Kisukuma, akimwita mama.

"Mwangaluka. Waganga tumeshawamaliza," akajibu Mayu Kabula. "Sasa ni zamu yenu."

Picha ya eksirei ilionyesha pingili imeteleza vibaya. Daktari akawaeleza: skrubu nne, wiki chache za kulala, miezi michache ya kujihadhari, atarudi kabla palizi haijaanza. Wakakubali. Siku ya upasuaji ikapangwa wiki iliyofuata.

Jumamosi kabla ya wiki hiyo, Daktari akasema hawezi kula matunda ya Masanja bila hata kumjua, twende tukamshukuru. Akamnunulia mke wa Masanja doti ya kanga. Masanja alifurahi mno. Akafuta benchi kwa aproni yake, jambo ambalo halikulisaidia benchi, akatuagizia soda. Mezani nyuma yake alikuwa amelaza ng'ombe jike mzee, mbavu nje, na shoka lilikuwa limeshaingia katikati ya mgongo.

"Huu mgongo mbona unaukata?" Daktari akauliza. "Fundi yuko hapa, angeuchukua."

Masanja akacheka. "Huu? Huu hauji kwako, Daktari. Huyu alikuwa kikongwe, amezaa mpaka amekwisha. Nikikupa mfupa kama huu, watu wa Bariadi watanionaje?"

"Sasa mimi huwa unanipa ipi?"

"Maksai! Tena wale wa plau, walionona, wenye mgongo kama reli. Ng'ombe akiwa amekonda, namwambia Fundi leo hakuna. Wewe mgeni wetu, umekuja kutusaidia, nikupe makapi?"

"Tangu lini, Masanja?"

"Tangu siku ya kwanza!" akasema kwa fahari, akitutazama mmoja mmoja kusubiri sifa.

Daktari aliiweka soda chini polepole. Mimi nilianza kucheka, maana jambo lenyewe lilichekesha, kisha nikaacha. Tulikuwa tumepima migongo ya mafahari waliohasiwa, waliovuta plau na kula vizuri, halafu tukataka kufunga skrubu zilezile kwenye mgongo wa Minza. Mtu yeyote wa huku angefanya alichofanya Masanja. Hata mimi mgeni akija kwangu simchinjii kuku anayeumwa.

"Masanja, umenipendelea mpaka umeniumiza," Daktari akasema. "Kuanzia leo nataka mifupa ya waliokonda."

Masanja alinuna. "Yaani unataka mibaya?"

"Nataka iliyo kama ya mgonjwa wangu. Ni mama wa Mwamapalala. Amezaa watoto saba, amelima maisha yake yote, na miaka ya njaa amewalisha watoto kwanza."

Masanja akageuka akamtazama yule ng'ombe mezani. "Yaani kama huyu," akasema.

"Kama huyu."

Alikubali, ila kwa masharti. Migongo hiyo niichukulie mlango wa nyuma, niifunike kwa gunia, na mtu akiniuliza niseme ni ya mbwa. Jina lake kibiashara lilikuwa jina bwana.

Jumatatu tulifunga skrubu nne kwenye mgongo wa kwanza wa ng'ombe aliyekonda. Nikapandisha jeki taratibu. Mshale haujafika hata nusu ya pale tulipozoea, nikasikia mlio mdogo, kama mtu anayetafuna karanga mbichi, na skrubu mbili za juu zikachomoka taratibu kama zinaaga. Mgongo wa pili vivyo hivyo. Wa tatu Daktari alipandisha jeki mwenyewe, labda akidhani mkono wangu una mkosi, nao ukafanya yaleyale. Niliogopa, nasema kweli. Wodi ya wanawake ilikuwa ng'ambo ya ua, na kutoka dirishani kwetu nilimwona Mayu Kabula akimlisha Minza uji. Skrubu zile zikichomoka ndani ya mtu, hazichomoki peke yazo; zinaweza kuuchukua na ule mguu mmoja uliobaki.

Upasuaji ukaahirishwa. Tukajaribu kufunga pingili moja zaidi chini na moja zaidi juu, tukabadili pembe ya skrubu, tukamaliza ndoo nzima ya bodifila. Mwishowe tulipata mpangilio wa skrubu nane ulioshika. Ila Daktari alisema hata huo hautoshi peke yake: achukue mfupa mwingi zaidi kutoka nyongani kwa ajili ya kupandikiza, na Minza akae ndani ya plasta, kisha ndani ya mkanda mgumu, mpaka mfupa uote. Asilime msimu mzima. Asibebe kitu.

Kuwaeleza familia ilikuwa ngumu kuliko kuvunja mifupa. Tulisimama kando ya kitanda, Daktari akasema yote bila kuzunguka.

"Msimu mzima?" Luhende akauliza. "Pamba nani atapalilia?"

Mayu Kabula alimkazia macho Daktari. "Juzi ulisema wiki chache. Leo unasema mwaka. Kesho utasema nini?"

"Kesho nitasema hivi hivi, mayu. Nilikosea. Nilipima kwa mifupa isiyofanana na ya mwanao. Sasa nimepima kwa inayofanana, na hili ndilo jibu. Mkikataa, siwezi kuwalaumu."

Luhende alikuwa anazungusha kofia mikononi. Kisha sauti ikatoka kitandani.

"Mnaongea juu yangu kama nimelala," Minza akasema. "Nimelala kweli, lakini nasikia." Akamtazama mumewe. "Baba Ng'wasi, ita kikundi cha ngoma walime, uwapikie. Daktari, funga hizo skrubu zako nane."

Siku ya upasuaji nilikaa nje ya mlango na vifaa vya akiba vilivyochemshwa, nikisikiliza. Fundi anayesubiri nje ya chumba cha upasuaji ni mtu bure kabisa. Hawezi hata kukaza nati. Daktari alipotoka, barakoa ikiwa shingoni, alisema zimeshika. Siku iliyofuata Minza alilalamika kwamba ule mguu uliokufa unamwasha. Daktari alishangilia muwasho huo mpaka mgonjwa wa kitanda cha jirani akaomba naye awashwe.

Luhende aliita kikundi kweli. Walikuja na ngoma zao na majembe, wakalima kwa nyimbo, yeye akawachinjia mbuzi. Mimi nikashughulikia mkanda. Plasta ilipotolewa, nilimtengenezea Minza mkanda wa ngozi wenye vibapa vya chuma, wa kwanza kutengenezwa katika karakana yenu. Mikanda mnayoitengeneza leo ni wajukuu wa ule. Niliukosea makwapani mara ya kwanza, nikaukosea mapajani mara ya pili. Pimeni mtu akiwa amekaa pia, siyo akisimama tu.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo mashine yetu haikulipima. Daktari alimkataza Minza kuinama na kupiga magoti mpaka atakapomruhusu. Kwao Mwamapalala mwanamke humsalimia mkubwa wake akiwa amepiga goti. Sasa Minza akawa anasalimia wima kama nguzo ya simu. Maneno yakaanza: wamemtia chuma, kimempanda kichwani, siku hizi anawaamkia wakubwa kama anamwamkia dereva. Minza alitaka kuuvua mkanda. Aliniambia mwenyewe nilipokwenda kuurekebisha, machozi yakimlengalenga: heri maumivu kuliko kuonekana hana adabu.

Siku hiyo hiyo, nikiwa bado nakaza vishikizo, akaingia kaka mkubwa wa marehemu mume wa Mayu Kabula, mzee anayeheshimiwa. Minza akaganda. Mayu Kabula akaja mbio kutoka jikoni, mikono ina unga, akapiga goti mbele ya shemeji yake akamsalimia. Akajibiwa, akainuka akishika nyonga zake za kizee. Halafu akashuka tena.

"Hiyo ilikuwa yangu," akasema. "Hii ni ya Minza."

Yule mzee alimtazama, akamtazama Minza na mkanda wake, akaitika salamu ya pili kama ya kwanza. Nilijifanya natafuta nati sakafuni. Tangu hapo, kwa miezi yote iliyobaki, bibi yule alipiga magoti mara mbili kwa kila mgeni, na maneno kijijini yakakosa pa kushika.

Walirudi hospitali baada ya pamba kuuzwa. Tulipiga eksirei, Daktari akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Skrubu zote nane mahali pake, na kati ya pingili ambapo palikuwa na nafasi nyeusi, palikuwa na mfupa mweupe, mzima, umeungana. Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akamwambia Minza auvue mkanda.

"Naweza kupiga goti?" Minza akauliza. Hakuuliza juu ya kulima wala ndoo.

"Mgongo ukiwa wima, unaweza."

Mayu Kabula alikuwa amekaa kwenye benchi ukumbini. Minza alitoka, akasimama mbele yake, akashuka polepole, goti moja, kisha la pili, mgongo umenyooka.

"Mwangaluka, mayu."

Sasa, aliyepiga goti hainuki mpaka aitikiwe. Mayu Kabula hakuitika. Alitulia, akavuta kitenge chake vizuri, akaanza kuuliza. Watoto hawajambo? Ng'ombe je? Yule ndama mweupe bado anaharisha? Mvua huko kwenu mmeionaje? Kwenu ni kwake, wanalala nyumba moja, walikuja kwa basi moja asubuhi ile. Minza alijibu kila swali, akiwa bado chini, jasho jembamba likimtoka usoni.

Daktari alikuwa anakunja na kukunjua mikono. "Muitikie jamani, mayu! Mgongo huo!"

"Niache, Daktari," Mayu Kabula akasema, bila kumwondolea macho mkwe wake. "Nimeingoja salamu hii tangu pamba ya mwaka jana."

Ndipo akaitika. Daktari alinyoosha mkono kumsaidia Minza, na mimi nikanyoosha wangu. Minza hakuushika hata mmoja. Akainuka mwenyewe.